Mlo wa Mchana

Jua lilikuwa limesimama wima juu ya kijiji, jua lile kali linalofuata mvua ya asubuhi, na mashine ya kusaga ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Madebe ya mahindi yalipangwa kando ya ukuta, kila moja na jiwe lake juu kulinda zamu ya mwenyewe, lakini wenyewe hawakuwapo. Walikuwa mashambani wakipalilia. Ufunguo ulikuwa umefundikwa kwenye pindo la kanga ya Marsiana, na Marsiana alikuwa ameketi kizingitini kama kuku anayeatamia, akiutazama mwanga ule wote ukimwagika juu ya mabati, akijisemea moyoni kwamba leo, Mungu akipenda, akiba ya umeme itafika asubuhi.

Mambo yalianza kwa upepo. Upepo si mgeni Ufipa. Watu wa uwanda ule huezeka nyumba zao kwa mawe juu ya bati na hawaulizani kwa nini. Lakini ule uliokuja na radi mara hii uliziangusha nguzo za laini kuu ya umeme kule mbali, nguzo baada ya nguzo, kama mtoto anayevunja mabua akienda zake. Zamani nguzo zikilala hivyo, uwanda mzima ulizama gizani mpaka mafundi wamalize kazi, na mafundi nao hawana mbawa. Safari hii taa zilipepesa mara moja, zikatulia. Watu walitoka nje wakageuza nyuso kilimani, kwenye makontena meupe yaliyojipanga nyuma ya shamba la sola, chini ya mapanga marefu ya mitambo ya upepo.

Ndani ya makontena yale mlikuwa na betri. Mhandisi wao, binti mmoja aitwaye Sharon, alikuwa ameeleza yote mkutanoni siku yalipofungwa. Jua likiwaka na upepo ukivuma, alisema, umeme unaozidi matumizi unaingia humo ndani na kukaa. Jua likizama, au laini kuu ikikatika, unatoka na kuwarudia watu, upesi kuliko jicho kufumba. Wazee walipomkazia macho, alitafuta mfano, akasema betri ni kihenge cha nafaka. Hapo watu walipiga makofi. Kihenge wanakijua.

Baada ya nguzo kuanguka, Sharon alipita na pikipiki nyumba kwa nyumba. Kijiji na majirani zake sasa wako peke yao, alisema, hakuna umeme unaotoka nje, kwa hiyo watu watunze. Alisema hivyo tu, watunze, akakanyaga gia akaenda. Neno lile liliwaingia wengi sikio moja likatokea la pili. Kwa Marsiana lilishuka mpaka tumboni, kwa sababu mume wake, mzee Evaristi, alikuwa amelazwa kituo cha afya na kichomi cha mapafu yote mawili, akivuta pumzi kwa mpira mwembamba uliotoka kwenye mashine ya oksijeni. Mashine ile ilikula umeme. Barabara ya kwenda Sumbawanga ilikuwa imegeuka uji wa tope, gari la wagonjwa halipiti, na pembeni ya kitanda palisimama mtungi mmoja tu wa akiba.

Sasa, Marsiana alikuwa mwenye kihenge tangu aolewe. Kwao, mwanamume akishaumwaga ulezi kihengeni kazi yake imekwisha. Kuchungulia ndani ni aibu kama kuchungulia mtu anayeoga. Mama ndiye anayejua kilichobaki, naye hamwambii mtu. Ikifika ile miezi ambayo mahindi shambani yanatoa mbelewele tu na njaa inapiga hodi mlangoni, mama hukata mlo wa mchana. Hatangazi. Siku moja adhuhuri inafika na chungu hakipandi jikoni, na kila mtu nyumbani anaelewa. Watoto hushinda na maji, watu wazima hushinda na kazi, na jioni familia nzima huzunguka sahani moja, wakala wakashiba, wakalala. Marsiana alikuwa amewavusha watoto wake wote kwa njia hiyo. Hakuna aliyezikwa kwa njaa nyumbani kwake, na kijiji kilijua.

Ndiyo maana alipowaita wanawake pale mashineni, walimsikiliza. Aliwaambia kwamba betri ni kihenge na huu ni mwezi wa njaa. Mchana mashine isisage. Pasi zisichomekwe, fundi wa kuchomelea afunge banda lake, wenye maduka wazime majokofu. Jioni, watu wakirudi kutoka palizini, watasaga, watachaji, watawasha, na zaidi ya yote kituo cha afya kitakuwa na umeme wa kumfikisha mgonjwa asubuhi. Walikubali wote. Mzee Evaristi alikuwa amewatilia mipini majembe yao kwa miaka mingi, na wengine hakuwadai kitu. Hata Silvana, mwendesha mashine, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, alimkabidhi ufunguo bila maneno mengi.

Jioni ya kwanza mashine ilinguruma, majiko ya umeme ya wenye nacho yakapata moto, nyumba zikawaka kama sikukuu. Halafu, mbingu ikiwa bado ina wekundu upande wa magharibi, kila kitu kikanyamaza kwa pamoja. Kituoni mashine ya oksijeni ililia kilio chembamba, ikazimika. Tabibu Abeli alifungua mtungi.

Marsiana alijua kosa liko wapi: hawakubana vya kutosha. Kesho yake alizunguka mwenyewe na fimbo yake, akahakikisha hata redio ya wanywa pombe pale kilabuni imezimwa mchana kutwa. Jioni umeme ukakatika mapema zaidi. Abeli aliugonga mtungi kwa ukucha, akausikiliza, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kilichobaki humo hakitavuka jioni nyingine kama hii.

Na leo hiyo jioni nyingine ilikuwa njiani. Marsiana aliendelea kuatamia kizingiti chake mpaka wazo moja likamtoboa kama mwiba: mtu aliyefunga mchana kutwa na bado jioni anakuta kihenge kitupu, huyo anaibiwa. Aliinuka, akashika njia ya kilimani.

Sharon alikuwa mlangoni mwa kibanda kilicho kando ya makontena, buti zimemezwa na tope, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alipomwona mama mtu mzima anapanda, alishuka kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja unionyeshe mwizi."

Alimweleza yote: kufunga kwao, madebe yanayosubiri, mtungi unaokaribia kukauka. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa binti ulivyobadilika, si kwa hasira, bali kama mtu anayesikia jibu la swali lililomsumbua. Alimkaribisha ndani, akamvutia kiti mbele ya kompyuta. Kiooni palikuwa na mstari wa kijani uliopanda na kushuka kama mgongo wa mlima.

"Huu ni ujazo wa betri, tangu jana asubuhi. Jua linachomoza, zinaanza kujaa. Zinapanda, zinapanda. Hapa, jua halijafika hata utosini, zimejaa pomoni."

"Zimejaa?"

"Zimejaa, mama. Baada ya hapo paneli nyingi zinaambiwa zipumzike. Jua lipo, pa kuliweka hapana, na huko chini hakuna anayelitumia. Nilikuwa nashangaa. Nikadhani ni palizi tu, watu hawapo nyumbani."

Marsiana alisogeza kichwa karibu na kioo. "Na hilo jua linalobaki, linakwenda kwa nani?"

"Haliendi kwa mtu. Linapotea."

Kisha Sharon akamwonyesha jioni. Mstari ulianguka kama mbuzi aliyeteleza gengeni. Kijiji kizima, na vijiji vya jirani vilivyokwisha kuiga funga ile, vilikuwa vimeingia mezani saa ile ile, kila mashine, kila jiko, wakati ambao jua halipo kusaidia. Betri zilifika kiwango fulani zikajifunga zenyewe, kwa sababu zikikombwa mpaka chini zinaharibika. Hilo Marsiana alilielewa bila kufafanuliwa. Hakuna kihenge kinachokombwa mpaka chini, chini ndiko inakokaa mbegu.

Lakini ile habari ya mchana haikumtoka akilini. Alitazama nje kupitia dirisha. Vioo vya sola vilikuwa vimelala kwenye majani mabichi, vimeelekea juu, kimya, mwanga ukivipiga na kuondoka. Mbele ya macho yake aliiona Juni. Aliuona uwanja wa kupuria, udongo wake umesiribwa kwa mavi ya ng'ombe mpaka unang'aa, fimbo zinapanda na kushuka, vumbi la ulezi limewapaka wanawake nyusi nyeupe. Nani afungue kihenge siku kama hiyo? Siku za kupura, watu hula cha uwanjani. Uji wa mchana hutoka kwenye rundo, chembe zikiwa bado na joto la jua, mpita njia hukaribishwa, watoto hushiba mpaka wanakataa. Kinachobaki ndicho kinachopanda kihengeni, na mfuniko hauguswi mpaka uwanja ukauke. Anayeshinda njaa kando ya rundo, eti anaweka akiba, huyo watu wangempeleka kwa mganga.

"Kwa hiyo hapa mnapura kila siku," alisema polepole.

"Kila siku jua likitoka. Na upepo ukivuma, hata jua lisipotoka."

"Na mimi nimewafungisha watu uwanjani."

Sharon hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa meza, akasema kosa lina wenyewe wawili: yeye ndiye aliyewaambia watunze, na hakuwaambia saa ipi ya kutunza na saa ipi ya kula. Akaongeza kwamba siku laini kuu itakaposimama tena, jua hili la mchana linaloachwa lipotee litaweza kwenda mpaka mjini, na huko nyuma ya vilima mtu atapikia jua la Ufipa asijue limetoka kwa nani. Marsiana alimsikia kwa mbali. Alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta fimbo yake, na Sharon naye akawasha pikipiki kwenda kuvifungulia vijiji vya jirani.

Kushuka kilima kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Angeweza kukosea katika jambo asilolijua na asione haya. Nani humcheka mzee kwa kutojua mambo ya nyaya? Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amekosea kwa kile anachokijua kuliko vyote. Mkono ule ule uliowavusha watoto wake ndio uliokuwa unamkaba baba yao, jioni baada ya jioni, kwa upendo. Njiani alisimama, akafikiri kwamba anaweza kunyamaza. Angesema mhandisi amebadilisha utaratibu, na heshima yake ikabaki mahali pake. Alilitazama wazo hilo kama mtu anavyomtazama nyoka mdogo, akalipitia mbali.

Alianzia kituoni. Evaristi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mpira puani, mifupa ya mabega imejitokeza. Alimsimulia bila kuficha. Mzee alifumba macho, na kwa muda Marsiana alidhani amelala, kisha akaona pembe ya mdomo inacheza.

"Mke wangu," alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Umenibania... mpaka jua."

Marsiana alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya kanga ulimofundikwa ufunguo.

Aliwatuma watoto wa shule waliokuwa wanapita wawaite mama zao kutoka mashamba ya karibu. Walikuja na majembe mabegani, matope mpaka magotini. Aliwaambia. Hakupunguza neno. Alipofika kwenye habari ya jua linalopotea palipita mguno, maana hakuna mwanamke pale ambaye angeweza kusikia chakula kinamwagwa akatulia.

Silvana alishika kiuno. "Dada Marsiana, juzi umetufunga, leo unatufungulia. Hii Kwaresima yako inafuata kalenda ya parokia gani?"

Wakacheka, naye akawaacha wacheke, kwa sababu kicheko kile kilikuwa stahili yake. Lakini nyuma ya kicheko palikuwa na jambo la kweli, na mmoja wao alilisema: magugu hayangoji. Mwanamke akiacha palizi mchana ili asimamie debe lake, ulezi wake utamezwa kabla mwezi haujaisha. Jioni ndiyo saa yao pekee.

"Yaacheni madebe hapa," Marsiana alisema. "Rudini shambani. Nitawasagia mimi."

"Na mzee atabaki na nani?"

Tangu mzee alipolazwa, Marsiana alikuwa akirudi kila mara kumchungulia, hata siku za kulinda mashine. Usiku alilala kwenye mkeka chini, mkono umeshika mguu wa kitanda, kana kwamba mgonjwa ni ng'ombe anayeweza kukata kamba.

"Atapumua bila mimi kumwangalia," alisema. "Bila umeme hawezi."

Silvana akalitua jembe lake ukutani, akasema mashine ile ina tabia zake, inapenda kumeza vidole vya wageni, na ulezi wake yeye umezoea kuishi na magugu. Akanyoosha mkono kudai ufunguo.

Silvana alipoinua swichi, moyo wa Marsiana ulijikunja. Saa nane na ushei, jua bado kali, na mashine inakula. Ilikuwa kama kufungua kihenge hadharani mwezi wa Februari. Akili ilikuwa imeelewa, lakini mikono ilikuwa na elimu yake ya miaka mingi, ikamimina debe la kwanza kidogo kidogo, kwa kubana. Unga ulianza kushuka, mweupe, vuguvugu. Debe la pili lilimiminika kwa urahisi kidogo. Kwa mbali akasikia fundi wa kuchomelea naye ameanza, cheche zake zikipasuka mchana kweupe, na mahali fulani pasi ikagongwa mezani.

Alasiri mawingu yalikuja. Yalitoka upande wa bonde la Rukwa, yakatanda, na kivuli kikatembea juu ya mabati mpaka kikafika mlangoni. Marsiana alitoka nje na unga kwenye nyusi. Kilimani vioo vilikuwa vimefifia rangi ya maji ya dimbwi. Alisimama pale hajui anachosubiri, mpaka kanga yake ilipopeperuka na kumpiga usoni. Upepo. Upepo ule ule uliokuwa umewaangushia nguzo ulikuwa unayasukuma mapanga makubwa kule juu, taratibu, kama mtu anayekoroga uji mzito asiyetaka uungue. Akarudi ndani. Wakasaga debe la mwisho jua likiwa bado juu ya vilima, Silvana akafunga, na kila mmoja akaenda upande wake bila kusema wanachokingoja.

Kituoni, Abeli alikuwa ameketi karibu na mtungi, spana yake ya kufungulia i mkononi. Marsiana aliosha mikono, akakaa kwenye kiti cha mbao upande wa pili wa kitanda. Magharibi ilianza kuwa nyekundu. Ilifika ile saa ya umeme kukatika. Wote wawili waliijua. Taa ya darini ilikuwa nyeupe, imetulia, haipumui kama zile taa za zamani zilizokuwa zinafifia kila mtu anapowasha kitu. Mashine ya oksijeni iliendelea na mnong'ono wake. Wekundu ukawa zambarau, zambarau ikawa buluu, na nyumba za kijiji zikaanza kuwaka moja moja, kwa kiasi, kama watu wanaoongea kwa zamu.

Evaristi aligeuza kichwa dirishani. "Mbona kimya? Mashine haisagi?"

"Watu wameshasaga."

Abeli aliweka spana yake mfukoni, akausukuma mtungi mpaka kwenye kona, akatoka bila kelele.

Hata kitambo hakikupita, nje pakasikika vicheko. Mvua ya asubuhi ilikuwa imewaita kumbikumbi kutoka ardhini, na kumbikumbi walikuwa wameikuta taa ya barazani. Wakaja kama moshi. Wanawake nao wakaja, na mabeseni, na ungo, na Silvana mbele yao akimwambia Abeli asogee, daktari hana kazi mahali ambapo kitoweo kinateremka chenyewe. Kumbikumbi wachache walipenya dirishani wakazunguka taa ya chumbani, wakaanguka, wakatambaa na kuacha mbawa zao kila mahali, sakafuni, kwenye mito, kwenye nywele za Marsiana.

"Nenda," Evaristi alisema. "Wataisha."

"Nitakwenda."

Lakini hakuinuka mara moja. Ubawa mmoja ulikuwa umetua kwenye ukingo wa blanketi, karibu na mdomo wa mzee, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Pumzi yake ilipotoka, ulijiinua kidogo. Ilipoingia, ukalala. Marsiana aliinama kuuondoa, mkono ukasita hewani, akabaki anautazama ukiinuka tena.